Kunawa, Kukinga na Kugongwa: Lugha ya Hukumu ya Mkono katika Zama za Mwamuzi wa Video



1. Utangulizi

Naomba nianze kwa kuwashukuru walioandaa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu. Mihadhara ya hadhara ya taaluma za Kiswahili aghalabu huzungumzia ushairi, historia ya lugha, lahaja, au uundaji wa istilahi. Mimi nimekuja na mkono wa beki. Yawezekana baadhi yenu mliposoma mada hii kwenye kadi ya mwaliko mlidhani mchapaji amekosea. Hakukosea. Ninakusudia kuonyesha kwamba ubishi unaozuka kila mwamuzi anapoitwa kutazama picha za video ili aamue kama mchezaji ameunawa mpira ni ubishi wa lugha kabla haujawa ubishi wa kandanda, na kwamba Kiswahili kina mchango wa kutoa katika jambo hili.

Chimbuko la mawazo haya ni usiku wa tarehe 19 Julai 2019. Nilikuwa katika kibanda cha kuonyeshea mpira, vile ambavyo vijana wetu huviita vibanda umiza, nikitazama fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliyochezwa Cairo kati ya Senegal na Algeria. Kibanda kilijaa, na kilikuwa na sababu ya kujaa. Timu zote mbili zilikuwa zimetoka katika kundi C, kundi moja na Tanzania na Kenya. Algeria ilikuwa imeifunga Kenya mabao 2 na Tanzania 3. Senegal ilikuwa imeifunga Tanzania mabao 2 na Kenya 3. Kwa hiyo kila aliyekuwapo alijiona anazijua timu hizo, kama mtu anavyomjua aliyempiga.

Algeria ilipata bao katika dakika ya 2 kupitia kwa Baghdad Bounedjah. Katika kipindi cha pili, mpira uliopigwa na Senegal kuelekea golini ulimgonga mkononi kiungo wa Algeria, Adlène Guedioura, akiwa ndani ya kumi na nane. Mwamuzi, Néant Alioum wa Cameroon, alipuliza kipenga na kuonyesha penalti. Kisha akaitwa na wasaidizi wake wa video, akaenda kutazama picha kando ya uwanja, akarudi, na kuifuta penalti ile. Algeria ikatwaa kombe kwa bao lake moja.

Kilichonivutia hakikuwa uamuzi wenyewe. Kilikuwa kauli za watazamaji. Kabla mwamuzi hajaifikia runinga, kibanda kilikwisha gawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa na sentensi yake. Upande mmoja ulisema: "Kaunawa!" Upande wa pili ulisema: "Hajaunawa, mpira umemfuata." Picha ilirudiwa mara nyingi, kwa kasi na polepole, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Sikumwona hata mtu mmoja aliyehama upande. Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami aliniuliza: "Sasa mwalimu, si wewe ndiye mtu wa Kiswahili? Tuambie basi, kaunawa au hakuunawa?" Nilimjibu: "Mzee wangu, sijui." Wakanicheka. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu mzee yule, japo nimechelewa.

2. Macho yalipokuwa ndiyo tatizo

Ili tuelewe mahali tulipo, hatuna budi kutazama tulikotoka. Chama cha soka cha Uingereza kilipotunga kanuni zake mwaka 1863, mchezo haukuwa na golikipa wa kutajwa katika kanuni, na mchezaji aliruhusiwa kuudaka mpira katika hali fulani, ila hakuruhusiwa kukimbia nao. Golikipa alitajwa katika kanuni mwaka 1871. Mwaka 1886 iliundwa Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, ambayo hadi leo ndiyo yenye mamlaka ya kutunga na kurekebisha sheria za mchezo huu. Kwa miongo mingi, kosa la mkono, ambalo sasa limo katika Sheria ya 12, lilisimama juu ya nguzo moja: makusudi. Mchezaji aliyeugusa mpira kwa mkono kwa kukusudia alikuwa na hatia. Ambaye hakukusudia hakuwa nayo.

Chini ya utaratibu huo, matukio yaliyowaudhi watu zaidi yalikuwa yale ambayo mwamuzi hakuyaona. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Mexico, Diego Maradona alifunga bao kwa mkono dhidi ya Uingereza, na mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia akalikubali. Tarehe 18 Novemba 2009, huko Saint-Denis, Thierry Henry aliutuliza mpira kwa mkono kabla ya kumpasia William Gallas aliyefunga bao lililoinyima Ireland nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 2010. Katika matukio hayo mawili, mtu aliyekwisha kuona picha hakuwa na la kubishania. Ubishi ulikuwa kwa nini mwamuzi hakuona.

Linganisheni na tukio la tarehe 2 Julai 2010 mjini Johannesburg, ambalo Waafrika wengi bado wanalikumbuka kwa uchungu. Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono, juu ya mstari wa goli, mpira wa kichwa wa Ghana katika dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Mwamuzi aliona, akatoa kadi nyekundu na penalti. Asamoah Gyan akaigonga mwamba, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju 4 kwa 2. Tulilia, lakini hatukuweza kusema kwamba sheria haikufuatwa. Jicho lilikuwa limeona na neno lilikuwa limetosha.

Ilikuwa halali, basi, kuamini kwamba dawa ni kuongeza macho. Tarehe 3 Machi 2018, baada ya majaribio ya miaka miwili, Bodi iliidhinisha matumizi ya mwamuzi msaidizi wa video. Aliwekewa mipaka: mabao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Julai 2018, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow, mwamuzi Néstor Pitana wa Argentina aliitwa kutazama mkono wa Ivan Perišić wa Croatia. Alitazama, akaanza kuondoka, akarudi kutazama tena, kisha akaipa Ufaransa penalti. Antoine Griezmann akafunga, na Ufaransa ikashinda mabao 4 kwa 2. Hakuna aliyebisha kwamba mpira uligusa mkono. Ubishi uliendelea hata hivyo, na ulikuwa ubishi wa aina mpya: je, kugusa kule kulikuwa kunawa?

3. Mkono unaanzia wapi?

Sasa tugeukie lugha. Kwanza tulitazame neno lenyewe, mkono. Kiingereza kina neno moja kwa sehemu ya kiganja na vidole, na neno jingine kwa sehemu inayobaki hadi begani. Kosa hili limepewa jina kutokana na neno la kwanza, ndiyo maana sheria inalazimika kutaja sehemu zote mbili kila mara. Kiswahili hakina tatizo hilo. Mkono wetu huanzia begani ukaishia ncha za vidole, nao una kiwiko, kifundo na kiganja ndani yake. Mfasiri anayeandika "kiganja au mkono" anafanya kama mtu anayesema "mlango au nyumba": kimoja tayari kimo ndani ya kingine. "Mkono" peke yake linatosha.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina utata wake, nao uko upande wa juu. Je, bega ni mkono? Mwaka 2020 Bodi ilifafanua kwamba, kwa ajili ya kosa hili, mpaka wa juu wa mkono ni usawa wa chini ya kwapa. Bega si mkono, wala sehemu iliyo juu ya mstari huo si mkono. Katika lugha yetu ufafanuzi huu unazaa kichekesho kidogo, kwa kuwa sehemu ya vazi inayofunika bega na kushuka chini nayo huitwa mkono: mkono wa shati, mkono wa kanzu, mkono wa jezi. Kwa hiyo mpira unaweza kugonga mkono wa jezi usiwe umegonga mkono wa sheria. Mtangazaji anayesema redioni "umempiga kwenye mkono wa jezi" anaweza kuwa ametoa taarifa sahihi, huku nusu ya wasikilizaji wake wakisikia hatia. Hapa neno moja alilolichagua kwa haraka limetosha kuwatenga wasikilizaji wa mechi moja.

4. Vitenzi vya hukumu

Mkono ni nomino, nayo huweza kuwekewa mipaka kwa mchoro. Ugumu wa kweli umo katika vitenzi. Hebu tuzitazame kauli nne ambazo mtu yeyote anayesikiliza mpira kwa Kiswahili atazitambua.

Ya kwanza: "Mchezaji ameunawa mpira." Ya pili: "Mpira umemgonga mkononi." Ya tatu: "Mpira umegusana na mkono." Ya nne: "Mkono umeufuata mpira," au kinyume chake, "mpira umeufuata mkono."

Kauli zote nne zinaweza kueleza tukio moja. Lakini haziko sawa mbele ya haki. Katika ya kwanza mchezaji ndiye mtenda, mpira ni mtendwa. Kosa limekwisha kukaa ndani ya kitenzi. Katika ya pili mpira ndiye mtenda, na mchezaji amekuwa mtendwa, karibu tumwonee huruma. Katika ya tatu, kiambishi cha utendano kimewafanya mpira na mkono kuwa washirika, na hatia haina pa kukaa. Ya nne ndiyo ya kifalsafa zaidi, maana inauliza ni nani aliyemwendea mwenziwe. Watu wa kibandani usiku ule hawakutofautiana kuhusu walichokiona. Walitofautiana kuhusu kiima cha sentensi.

Napenda tukae kidogo na kitenzi kunawa, kwa sababu kimebeba mengi kuliko tunavyodhani. Asili yake ni mlo na usafi: mtu hunawa mikono, hunawa uso. Anayenawa huwa anajua anachokifanya. Hakuna anayenawa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo, waliolipeleka neno hili uwanjani walilipeleka pamoja na sharti la kukusudia, na lilifaa kabisa kwa sheria ya zamani iliyosimama juu ya makusudi. Maradona aliunawa mpira. Suárez aliunawa mpira.

Lakini kumbukeni jinsi tunavyonawa tunapokaribishwa chakula. Mgeni haendi bombani. Mwenyeji au kijana wa nyumbani huja na birika na beseni, akammiminia maji. Mgeni hafanyi kazi yoyote ila moja: hukinga mikono. Maji ndiyo yanayomwendea. Hata hivyo hawezi kusema kwamba yamemwangukia kwa bahati mbaya, kwa kuwa ameiweka mikono mahali ambapo alijua maji yatapita. Nitarudi kwenye mgeni huyu na mikono yake, maana nadhani yeye ndiye aliyekosekana katika mjadala wetu.

5. Nia, tahadhari na tokeo

Mwaka 2019 Bodi iliiandika upya sehemu ya sheria inayohusu mkono, na mwaka 2021 ikairekebisha tena na kusisitiza kwamba si kila mguso wa mkono ni kosa. Tukiichambua sheria hiyo tunakuta kwamba nguzo moja ya zamani sasa ni tatu.

Nguzo ya kwanza ni nia: mchezaji ana hatia akiugusa mpira kwa mkono makusudi, kwa mfano kwa kuupeleka mkono kwenye mpira. Nguzo ya pili ni tahadhari: ana hatia ikiwa ameuweka mkono kwa namna iliyoukuza mwili wake kinyume cha inavyotarajiwa, yaani pale ambapo mkao wa mkono hautokani na mwendo wa mwili wake katika tukio hilo, wala hauwezi kuhalalishwa nao. Sheria yenyewe inasema kwamba mchezaji wa namna hiyo amejihatarisha. Nguzo ya tatu ni tokeo: bao lililofungwa moja kwa moja kwa mkono, au na mchezaji mara tu baada ya mpira kumgusa mkononi, hukataliwa hata kama hakukusudia lolote.

Nguzo ya tatu ni rahisi, na hapo video husaidia kweli. Nguzo ya kwanza ni ngumu, lakini tumeizoea. Mahakama zetu hutofautisha kila siku kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Vurugu iko katika nguzo ya pili. Maandishi ya Kiingereza hapo yanatumia neno linalohusu asili. Tukilitafsiri kwa "isivyo asili", tutauliza: asili ya nani? Binadamu anayeruka kwa asili hunyanyua mikono. Anayekimbia huitupa mbele na nyuma. Anayeanguka huitanguliza ardhini. Mchezaji anayefunga mikono mgongoni, kama tunavyowaona mabeki wengi wakifanya siku hizi, ndiye aliyeiacha asili. Tukisema "isivyo kawaida", tunaingia katika tatizo jingine, kwa kuwa kawaida ni mazoea, na mazoea ya mabeki yamekwisha kubadilishwa na sheria yenyewe. Tafsiri zote mbili zinaufanya mkono uonekane kama kitu kinachopimwa kikiwa kimesimama, ilhali sheria inauliza kuhusu mkono ulio katika mwendo na sababu ya mwendo huo.

Hapa ndipo ninapomwita yule mgeni wa birika. Kiswahili kina kitenzi kukinga. Kukinga ni kuweka kitu katika njia ya kingine: ama kwa kupokea, kama anayekinga mikono ili anawe au anayekinga ndoo chini ya paa mvua inaponyesha, ama kwa kuzuia, kama anayekinga pigo kwa ngao. Anayekinga hakiendei kitu, lakini amejua njia kitakamopita. Maana hizo mbili ndizo hasa sheria inazozitafuta katika nguzo ya pili. Beki hakuunawa mpira, maana hakuupeleka mkono kwake. Wala hakugongwa tu na mpira. Ameukinga.

Napendekeza, basi, tuwe na maneno matatu mahali pa mawili: kunawa kwa aliyekusudia, kukinga kwa aliyeuweka mkono njiani, na kugongwa kwa asiye na kosa. Pendekezo hili linaungwa mkono na sheria yenyewe. Tangu msimu wa 2024/25, mchezaji anayeinyima timu pinzani nafasi ya wazi ya kufunga kwa kosa la mkono lisilo la makusudi, na penalti ikatolewa, huonyeshwa kadi ya manjano, ilhali aliyekusudia huonyeshwa nyekundu. Kwa maneno mengine, sheria sasa inawatenganisha anayenawa na anayekinga hata katika adhabu. Mtangazaji anayewaita wote "wamenawa" hawezi kumweleza msikilizaji kwa nini mmoja ametoka uwanjani na mwingine amebaki.

6. Kamera na swali isiloweza kulijibu

Mtu anaweza kusema: maneno ya nini, ilhali kamera ipo na inaongezewa uwezo kila mwaka? Nitajibu kwa mifano miwili kutoka mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024 nchini Ujerumani.

Tarehe 29 Juni, mjini Dortmund, mpira uliopigwa na David Raum wa Ujerumani ulimgusa mkononi Joachim Andersen wa Denmark. Ndani ya mpira kulikuwa na kihisi, na watazamaji walionyeshwa mchoro unaoruka kama wa mapigo ya moyo, ukithibitisha mguso. Mwamuzi Michael Oliver alitoa penalti, Kai Havertz akafunga, na Denmark ikalala kwa mabao 2 kwa 0. Siku sita baadaye, tarehe 5 Julai, mjini Stuttgart, shuti la Jamal Musiala lilimgonga mkononi Marc Cucurella wa Hispania katika muda wa nyongeza, matokeo yakiwa 1 kwa 1. Mwamuzi Anthony Taylor hakutoa penalti, wala hakuitwa kutazama picha. Hispania ilishinda kwa bao la Mikel Merino la dakika ya 119 na hatimaye ikatwaa ubingwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo iliripotiwa kwamba kamati ya waamuzi ya shirikisho la soka la Ulaya imeona kuwa penalti ilistahili kutolewa.

Kihisi cha Dortmund kilitoa jibu sahihi kabisa kwa swali la mguso. Lakini la mguso halikuwa swali la mwisho. Stuttgart hakuna aliyeukana mguso. Waliobishana walibishana kuhusu mkono uliokuwa mbali kidogo na mwili huku ukirudi, kama ulikuwa unakinga au unakwepa. Mashine inajua kugusa. Haijui kukinga, kwa sababu kukinga hakumo katika mkono peke yake. Kumo katika uhusiano wa mkono, mwendo, umbali, na jambo ambalo mtu mwenye busara angelitarajia.

Tena kamera si shahidi asiye na lafudhi. Mwaka 2016 Eugene Caruso na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani utafiti ulioonyesha kwamba mtazamaji anapoonyeshwa tukio kwa mwendo wa polepole huona makusudi zaidi kuliko anapolitazama kwa kasi yake halisi, maana hudhani mtendaji alikuwa na muda wa kufikiri. Waandishi wa utaratibu wa mwamuzi wa video wanalitambua hilo: picha za polepole zimeelekezwa kwenye mambo ya hakika, kama vile mahali mpira ulipogusa, na kasi ya kawaida imeelekezwa kwenye kuamua kama mguso huo ni kosa. Lakini sisi watazamaji tunaonyeshwa zaidi picha za polepole, na ndizo tunazozitolea hukumu. Tukizitazama, kila mkono huonekana umekusudia.

Liko pia sharti la kwamba mwamuzi wa video aingilie kosa lililo "wazi na dhahiri" tu. Katika Kiswahili maneno haya mawili huambatana kama mapacha. Lakini wazi kwa nani? Mpenzi wa timu huona wazi kile anachokitamani. Wahenga walikwisha kusema kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Sharti hili halihusu ukali wa kosa wala wingi wa wanaolalamika. Linauliza kama mtu asiye na upande anaweza kuutetea uamuzi wa kwanza. Ikiwa anaweza, uamuzi ubaki. Usiku wa Cairo mwamuzi alikuwa ametoa penalti. Usiku wa Stuttgart alikuwa ameikataa. Jambo la kujadiliwa kwa haki katika usiku wote huo miwili ni kama uamuzi wa kwanza uliweza kutetewa. Sisi tuliruka swali hilo, tukaanza upya kana kwamba mwamuzi hakuwapo uwanjani.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na ya fainali kubwa. Sivyo. Tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba na kudunda karibu na mstari wa goli la Mamelodi Sundowns. Bao halikukubaliwa, na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2. Hilo halikuwa suala la mkono, lakini tangu siku hiyo mwamuzi wa video amekuwa mada ya vijiwe vyetu vya kahawa, kwa hasira halisi.

Wakati huohuo, mechi nyingi za nchi zetu, za wilaya, za shule na za mitaani, huchezwa bila kamera yoyote. Mwamuzi wake ni kijana mwenye kipenga na nauli ya kurudi nyumbani. Kijana huyo anahukumiwa na watu waliojifunza sheria kwenye runinga, wanaoamini kwamba kila mguso ni kosa na kwamba asiyetoa penalti amehongwa. Yeye hana picha ya kujitetea. Silaha yake pekee ni maneno: aweze kusema, kwa lugha ambayo umati unaielewa, "Hakuukinga, umemgonga." Asipokuwa na maneno hayo, anabaki na miguu yake.

Kwa hiyo nayaona majukumu matatu. Kwanza, tafsiri za sheria za mchezo zifanywe na wanaisimu pamoja na waamuzi, wala isiwe kazi ya kubadilisha neno kwa neno. Pili, watangazaji wetu, ambao ndio walimu wakubwa wa Kiswahili cha leo, wajifunze kutanguliza maelezo kabla ya hukumu: waseme mpira umegusa mkono, kisha wasubiri kabla ya kusema umenawiwa. Tatu, tuchukue mjadala huu kama mazoezi ya jambo kubwa zaidi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Huko nako kuna nia, uzembe na ajali. Huko nako kuna kamera za barabarani na picha za simu zinazoletwa kama ushahidi. Huko penalti ni miaka ya mtu gerezani. Taifa lisilo na vitenzi vya kutenganisha aliyekusudia na aliyezembea litamwonea mmoja wao.

8. Hitimisho

Nimeeleza kwamba mwamuzi wa video alikuja kutibu udhaifu wa macho, na kwa sehemu kubwa ameutibu. Ubishi wa mkono umebaki kwa kuwa makao yake yamo katika maneno, hasa katika kitenzi tunachokichagua kabla hatujajua kwamba tumechagua. Kiswahili kimetupa mkono usiogawanyika, kikatupa kunawa kwa aliyekusudia na kugongwa kwa asiye na kosa. Kati ya hao wawili kuna mtu aliyetusumbua, na neno lake, kukinga, tulikuwa nalo mezani tangu zamani, pembeni ya birika.

Nimalizie kwa yule mzee wa kibandani. Leo ningemjibu hivi: "Mzee wangu, Guedioura hakuunawa ule mpira, katika hilo sina shaka. Uliloniuliza linajibika. Lililobaki ni kama aliukinga, nami kwa macho yangu nadhani hakuukinga, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ubavuni. Lakini mwingine akiniambia aliukinga, sitamwita mwongo wala kusema kahongwa. Nitamwomba anionyeshe mkono ulitoka wapi na ulikuwa unakwenda wapi." Hapo tungekuwa tumeanza kuzungumza. Usiku ule tulikuwa tunapiga kelele tu.